Kuomba Nafasi ya Udaktari Ukiwa Nairobi: Mwongozo Kamili wa Klasta, Gredi za Nje na Karo ya Miaka Yote

Mama mmoja kutoka Umoja alikuja kuniona na karatasi ya matokeo ya bintiye. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Wastani A-, pointi 76. Msichana aliomba Udaktari akakosa. Kijana wa nyumba ya pili, A- vilevile, pointi 76 vilevile, ameitwa. Mama alitaka kujua ni nani aliyetoa hongo.

Hakuna aliyetoa hongo. Tulikaa mezani, nikachukua kalamu, na baada ya dakika kumi akaona mwenyewe bintiye alipopitwa. Nimewafanyia wazazi wengi hesabu ile ile, na kila Januari wanakuja wengine na kosa lile lile, ndiyo maana leo naiandika yote.

Watu hudanganywa na namba mbili: gredi ya wastani na karo ya muhula wa kwanza. Hizo ndizo zinazoonekana kwa urahisi, lakini zinazoamua ni uzito wa klasta (namba inayokokotolewa kwa masomo manne yanayodaiwa na kozi pamoja na wastani) na jumla ya gharama mpaka mtoto avae koti jeupe. Mwongozo huu unakutoa kwenye zile mbili za kwanza na kukufikisha kwenye hizi mbili za pili.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kabla ya kukusanya hivi:

- Karatasi ya matokeo ya KCSE yenye gredi ya kila somo. Ujumbe wa simu wenye wastani peke yake hautoshi.
- Cheti cha kuzaliwa. Namba yake, au namba ya mtihani wa KCPE, ndiyo hutumika kuingia tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, mara ya kwanza.
- Vitambulisho vya wazazi au mlezi, kwa ajili ya maombi ya ufadhili.
- Barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe, wala si ya kijana wa saiba, duka la intaneti. Nimeona barua ya kuitwa chuoni ikikaa wiki tatu kwenye akaunti ya mtu aliyehamia Nakuru.
- Kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili. Cha simu kinatosha ukiilaza simu.
- Daftari lenye mistari ya safu.
- Kwa wanaolenga ng'ambo: pasipoti, na nakala rasmi za matokeo zilizotiwa muhuri na shule au chuo.

## Hatua ya 1: Pita mlango wa Baraza kwanza

Kabla ya kuuliza chuo kinataka nini, uliza Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC, linataka nini. Chuo kinaweza kukupokea na kukufundisha, lakini atakayekupa leseni ya kutibu ni Baraza.

Kiwango chake cha chini ni wastani wa B, na B katika kila somo la klasta: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Pima kila somo peke yake. B- ya Kemia haifutwi na A ya Historia.

Kisha fungua orodha ya Baraza ya vyuo vilivyoidhinishwa kufundisha udaktari. Inaonyesha jina la chuo na idadi ya wanafunzi kinaoruhusiwa kupokea. Vimo vya umma kama Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi, Kenyatta, JKUAT, Egerton na Maseno, na vya binafsi pia.

Onyo. Usikubali kauli ya "tuko katika mchakato wa kuidhinishwa". Binamu yangu alienda kusomea nchi ya nje, katika chuo ambacho sitakitaja, baada ya wakala kumwonyesha picha za maabara. Alirudi na shahada mkononi, akakaa zaidi ya mwaka akibisha milango, kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyeuliza mapema kama shahada ile inatambuliwa hapa. Swali hilo huulizwa bure kwenye ofisi za Baraza, Woodlands Road, karibu na Lenana Road.

Utajua umefaulu ukiwa na masomo manne yaliyowekewa tiki moja moja, na majina ya vyuo uliyoyatoa kwenye orodha ya Baraza lenyewe.

## Hatua ya 2: Kokotoa klasta, usitegemee wastani

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

KCSE hutoa pointi hivi: A ni 12, A- 11, B+ 10, B 9, B- 8, C+ 7, na kushuka hivyo hadi E yenye 1. Wastani hutokana na masomo saba, kwa hiyo pointi za juu kabisa ni 84. A- ni kuanzia 74 hadi 80. B+ ni 67 hadi 73.

Masomo saba hayo ni yapi? Tangu KCSE ya 2023, ni Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo aliyefanya masomo manane ana somo moja lililoachwa nje ya wastani.

Angalia sasa karatasi ya yule binti: Hisabati B+, Kiswahili A, Kiingereza A-, Biolojia B+, Kemia B, Historia A-, Dini A, Biashara B+. Ukichukua Hisabati 10, Kiswahili 12, kisha matano bora yaliyobaki, unapata 76. Somo lililoachwa nje ni Kemia.

Mama alipoliona hilo alinyamaza kidogo. Kemia haikumpunguzia bintiye hata pointi moja katika wastani, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeihesabu kuwa tatizo. Lakini katika klasta ya Udaktari Kemia haina pa kujificha.

Hesabu inaenda hivi:

1. Jumlisha pointi za masomo manne ya klasta. Gawanya kwa 48.
2. Chukua jumla ya pointi za masomo saba ya wastani. Gawanya kwa 84.
3. Zidisha majibu hayo mawili.
4. Tafuta kipeuo cha pili.
5. Zidisha kwa 48.

Binti: Biolojia 10, Kemia 9, Hisabati 10, Kiswahili 12. Jumla 41. Ukiingiza 41 na 76, unapata kama 42.20.

Kijana wa jirani: Biolojia A, Kemia A-, Hisabati A, Kiingereza A-, na Fizikia, Jiografia na Kiswahili B+ kila moja. Wastani wake pia ni 76, lakini klasta ni 12 na 11 na 12 na 11, jumla 46. Anapata kama 44.70.

Pengo ni pointi mbili na nusu, na kwa Udaktari hilo ni pengo kubwa, kwa sababu waombaji wamebanana pale juu na hutenganishwa na sehemu ndogo za pointi. Kama binti angepata B+ ya Kemia badala ya B, wastani wake ungebaki 76 bila kusogea, lakini klasta ingepanda hadi kama 42.71. Ndiyo maana huwaambia walio Kidato cha Tatu wanaotaka udaktari kwamba saa moja ya Kemia ina thamani kuliko saa moja ya somo ambalo tayari wana A.

Onyo. Hesabu hii ya mkono ni makadirio. Uzito unaotumika kugawa nafasi ni ule unaoonyeshwa na KUCCPS kwenye akaunti yako. Ukitofautiana na wako, shika wa tovuti. Hesabu ya mkono ni ya kukuonyesha udhaifu uko wapi.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu mwingine, kwa somo na kwa pointi, kwa nini uzito wako uko pale ulipo.

## Hatua ya 3: Jaza machaguo kwa utaratibu wa kushuka

Ingia tovuti ya KUCCPS kwa namba ya mtihani, mwaka wa KCSE na namba ya siri. Ada ya ombi la kwanza ni shilingi 1,500, na hulipwa kupitia eCitizen. Hakuna mtu wa KUCCPS anayepokea pesa kwa namba yake binafsi. Anayekuambia anakushikia kiti cha Udaktari kwa malipo kidogo ya haraka ni mwizi, mkatie simu.

Kila programu ina kiwango cha mwisho kilichokubaliwa miaka iliyopita. Kiandike kwenye safu, na kando yake uzito wako. Kisha panga:

- Pale unapotamani, hata kama uzito wako uko chini kidogo ya kiwango cha mwaka uliopita.
- Pale ambapo mnalingana.
- Pale ambapo umezidi kwa nafasi ya kutosha.

Viwango hivi vinabadilika kila mwaka kulingana na walioomba, hivyo vitazame kama dalili. Mtu anayejaza Udaktari wa vyuo vinavyolingana kwa ukali katika kila chaguo, kwa kuwa anaona aibu kuandika kitu kingine, anajiweka pabaya. Famasia, Uuguzi na Utabibu wa Kliniki ni kazi kamili na zina heshima zao. Andika ile ambayo ukipewa utaenda kuisoma kwa moyo.

Baada ya matokeo ya awamu ya kwanza kuna dirisha la kurekebisha, na baada ya kupewa nafasi kuna dirisha la kuomba uhamisho wa chuo. Madirisha haya hufunguliwa kwa siku chache. Mwombaji akikwama, ofisi za KUCCPS ziko ACK Garden House, First Ngong Avenue, eneo la Community. Fika asubuhi na karatasi halisi.

Kwa waliosoma mtaala wa Uingereza hapa Nairobi: njia yenu ni tofauti. Vyeti vyenu husawazishwa na KNEC, baraza la mitihani la Kenya, na wengi huomba moja kwa moja chuoni kama wanafunzi wanaojilipia. Vyuo hutazama masomo ya ngazi ya A (A-level): Biolojia, Kemia, na Fizikia au Hisabati.

## Hatua ya 4: Ukiomba nje, linganisha gredi bila kuzitafsiri mwenyewe

Gredi ni kama shilingi. Yetu na ya Uganda zote zinaitwa shilingi, lakini hakuna anayezibadilisha moja kwa moja.

Anza na asilimia. Katika vyuo vikuu vyetu, 70 kwenda juu kwa kawaida ni A. Marekani, 70 ni gredi ya kuburuta mkia, karibu na C. Mwanafunzi wa Nairobi mwenye 72 akijaza fomu ya Marekani kwa kuandika 72 tu, msomaji wa fomu anaona mtu dhaifu, kumbe yuko kileleni mwa darasa. Kwa hiyo popote unapoandika alama, andika na kipimo chake: 72 kati ya 100, A huanzia 70. Omba chuo chako kibandike maelezo ya kipimo nyuma ya nakala ya matokeo.

Ndani ya udaktari wenyewe kuna jambo jingine. Kozi nyingi za vyuo vyetu zina alama ya kupita ya 40, lakini Udaktari hupita kwa 50. Anayelinganisha 55 ya Udaktari na 55 ya kozi nyingine analinganisha milima miwili isiyoanzia bonde moja.

Halafu wastani wa pointi. Marekani kipimo ni 4.0, na 4.0 haina juu yake. Makerere na vyuo vya Tanzania kipimo ni 5.0. Mwenye 4.0 ya Makerere ana daraja la pili la juu, kwa sababu daraja la kwanza pale huanzia 4.40. Namba moja, maana mbili. Ujerumani wamegeuza kabisa: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya kupita kwa shida. Mtu aliyezoea kupanda ngazi lazima ajifunze kuisoma ikishuka.

Zaidi ya namba, kuna swali la ngazi ya cheti, na hili huvunja ndoto nyingi kuliko gredi:

Uingereza. Udaktari huombwa kupitia UCAS, huduma ya pamoja ya maombi ya vyuo, tarehe ya mwisho ni 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia kuanza masomo, na unaruhusiwa vyuo vinne tu vya udaktari. Vyuo vingi hudai mtihani wa UCAT, unaofanywa katikati ya mwaka kabla ya tarehe hiyo. KCSE peke yake, hata A tupu, kwa kawaida haichukuliwi kama ngazi ya A. Utahitaji miaka ya ngazi ya A au mwaka wa maandalizi unaokubaliwa na chuo husika. Kumbuka pia kalenda: matokeo ya KCSE hutoka Januari, Oktoba imeshapita.

Marekani. Hakuna kutoka Kidato cha Nne kwenda udaktari. Kwanza shahada ya miaka minne, kisha mtihani wa MCAT ambao alama zake ni 472 hadi 528, kisha udaktari miaka minne. Maombi mengi hupitia AMCAS, huduma ya pamoja ya maombi ya udaktari, na AMCAS haihakiki masomo ya vyuo vya nje ya Marekani na Kanada, ndiyo maana vyuo vingi hutaka uwe umesoma angalau kiasi fulani huko. Mwenye shahada ya Nairobi asianze na MCAT. Aanze kwa kuuliza chuo: mnapokea wageni, na mnataka masomo mangapi ya hapa?

Ujerumani. Mafunzo ni kwa Kijerumani, na lugha inayotakiwa ni ya kiwango cha juu, kwa kawaida C1. Mwenye KCSE hupitia kwanza mwaka wa maandalizi wa chuo, upande wa masomo ya tiba.

Onyo. Vikokotoo vya bure vya kwenye intaneti vinavyogeuza gredi visikutungie cheti. Atakayegeuza ni chuo au shirika ambalo chuo kimelitaja, kwa mfano WES kwa Marekani na Kanada. Ukijigeuzia mwenyewe kwenye fomu, unaweza kuonekana umedanganya hata kama nia yako ilikuwa njema.

Utajua umefaulu ukiwa na jibu la maandishi kutoka chuoni linalosema: cheti chako tunakihesabu kuwa ngazi fulani, na tunataka hiki zaidi.

## Hatua ya 5: Jua wewe ni nani kwenye orodha ya karo

Chukua orodha ya karo ya chuo chochote cha nje. Utaona safu mbili, wakati mwingine tatu. Mwenyeji. Mgeni. Na mara nyingine, mtu wa kanda. Watu husoma safu ya kwanza kwa sababu ni ya kwanza, wanafurahi, wanauza shamba.

Ukaazi kwa ajili ya karo hauhusiani na mahali unapolala. England, karo ya mwenyeji kwa mwaka wa 2025/26 iliwekewa ukomo wa pauni 9,535. Mgeni wa udaktari hulipa mara kadhaa ya hizo. Na ili uhesabiwe mwenyeji, chuo hutazama haki yako ya kuishi kule na kama umeishi kwa kawaida miaka mitatu kabla ya kuanza, si kwa sababu ya masomo tu. Shangazi mwenye nyumba London anakupa kitanda na chakula, na hilo ni jambo kubwa, lakini safu ya karo haibadilishi.

Marekani kuna mpaka mwingine ndani ya mpaka. Vyuo vya umma vina bei ya mkaazi wa jimbo na bei ya asiye mkaazi, hata kama wote ni Wamarekani. Anayeishi kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 kwa kawaida hahesabiwi mkaazi, hata akikaa kwa binamu yake Dallas mwaka mzima. Baadhi ya vyuo vya udaktari pia hudai mgeni aweke karo ya mwaka mmoja au zaidi kwenye akaunti maalumu kabla ya kuanza.

Ujerumani, vyuo vikuu vya umma kwa jumla havitozi karo. Lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na kwa ajili ya viza ilitakiwa, kwa kiwango kilichowekwa 2024, uonyeshe yuro 11,904 kwa mwaka kwenye akaunti iliyofungwa. Masomo bila karo bado yana bei ya mlangoni.

Kwa Uganda, Tanzania na Rwanda, uliza swali moja kwa maneno haya haya: "Mkenya analipa safu gani?" Viko vyuo vinavyomweka mtu wa Afrika Mashariki pamoja na wenyeji, na viko vinavyomweka pamoja na wageni. Pata jibu lenye nembo ya chuo.

## Hatua ya 6: Zidisha mpaka mwisho wa kozi

Sasa rudi nyumbani, kwa sababu wengi wetu tutasoma hapa, na hesabu ya hapa nayo ina mitego yake.

Udaktari hapa ni miaka sita. Chuo kinapotangaza gharama ya programu, hiyo ni ya mwaka mmoja. Tuseme ni shilingi 600,000. Mara sita ni milioni 3.6. Anza hapo, usianzie kwenye kiasi cha siku ya kuripoti.

Waliopelekwa na KUCCPS katika vyuo vya umma huomba ufadhili na mkopo kupitia tovuti ya ufadhili wa elimu ya juu. Kwa viwango vya 2024, mfumo wa makundi matano uliigawa gharama hivi:

- Kundi la 1: ufadhili 70%, mkopo 25%, familia 5%.
- Kundi la 2: 60%, 30%, 10%.
- Kundi la 3: 50%, 30%, 20%.
- Kundi la 4: 40%, 30%, 30%.
- Kundi la 5: 30%, 30%, 40%.

Kwa gharama ile ya 600,000 na viwango hivyo, familia ya kundi la 3 inatoa 120,000 kwa mwaka, yaani 720,000 kwa miaka sita. Mkopo ni 180,000 kwa mwaka, na mwisho wa kozi kijana anadaiwa 1,080,000 kabla ya riba. Familia ya kundi la 5 inatoa 240,000 kwa mwaka, jumla milioni 1.44. Ni mtoto yule yule, kozi ile ile, tofauti ni 720,000, na inatokana na majibu mliyojaza kwenye fomu.

Kwa hiyo jazeni fomu hiyo kwa utulivu, mzazi na mtoto mkiwa pamoja. Nimeona kijana akijaza peke yake saiba, akakisia mapato ya babake, akaacha kutaja ndugu watatu walio shuleni. Akawekwa kundi la 5. Babake anauza mitumba Gikomba. Ukiwekwa kundi lisilokufaa, kata rufaa mapema na uambatanishe ushahidi: barua ya chifu, cheti cha kifo cha mzazi ikiwa yupo aliyefariki, orodha za karo za ndugu.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitangaza mfumo huu kuwa kinyume cha katiba, na suala likaenda rufani. Kwa hiyo kila mwaka soma masharti ya mwaka huo kabla ya kutegemea asilimia hizi. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wako Anniversary Towers, University Way.

Onyo. Anayepelekwa chuo cha binafsi kupitia KUCCPS anaweza kuomba mkopo, lakini ufadhili wa serikali haumhusu. Familia nyingi hugundua hili siku ya kulipa.

Ongeza kwenye daftari vitu ambavyo karo haivitaji: chumba, chakula, vitabu, stethoskopu, makoti, nauli za mzunguko wa hospitali. Anayesoma Chuo Kikuu cha Nairobi hupata mafunzo ya hospitali Kenyatta, na vyumba vya kupanga kuzunguka pale havingoji mtu. Ongeza pia mwaka wa akiba. Mwanafunzi anayerudia mwaka mmoja analipa mwaka wa saba.

Utajua umefaulu ukiwa na safu nne zilizojazwa kwa kila chuo: familia, mkopo, ufadhili, matumizi, na jumla ya miaka yote chini yake kwa wino.

## Hatua ya 7: Tazama ukaazi wa pili, ule wa ubingwa

Neno ukaazi lina maana nyingine kwa madaktari: miaka ya kusomea ubingwa hospitalini. Mzazi huniuliza, "Kwani hayo si mbali?" Ni mbali, lakini yanabadilisha thamani ya chuo unachochagua leo.

Marekani, daktari aliye katika miaka hiyo hulipwa mshahara. Uingereza pia, anafanya kazi ya mshahara huku akijifunza. Hapa Kenya, anayesomea shahada ya uzamili ya tiba, MMed, ni mwanafunzi wa chuo kikuu: hulipa karo, huku akifanya kazi wodini mchana na usiku. Mwenye bahati hupewa likizo ya masomo na kaunti au wizara, mshahara ukiendelea. Anayejilipia hana mshahara huo wala nafuu ya karo. Kwa muda mrefu chama cha madaktari kimelipigania hili, na nadhani kina haki kabisa: mtu anayekesha akiokoa watoto wa wodi nzima hafai kulipia nafasi ya kukesha.

Kwa upasuaji ipo njia nyingine, COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambapo daktari hufunzwa akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Mtoto anayesema tangu sasa kwamba anataka upasuaji ajue njia hiyo ipo.

Unapolinganisha nchi, basi, chora mstari mmoja mrefu: miaka ya shahada, mwaka wa unagenzi (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada), miaka ya ubingwa. Juu ya mstari andika unacholipa. Chini andika unacholipwa. Nchi yenye karo kubwa mwanzoni inaweza kuwa na mshahara mwishoni, na ya karo ndogo inaweza kukudai tena ukiwa na miaka thelathini na watoto wawili.

## Hatua ya 8: Barua ikifika

Linganisha jina kwenye barua na jina kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa wiki moja sasa. Baada ya miaka sita litakuchukua miezi.

Ukisharipoti, hakikisha umeingizwa kwenye rejista ya wanafunzi ya KMPDC katika mwaka wa kwanza. Uliza ofisi ya mkuu wa kitivo, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya Baraza uone jina lako. Wanaosomea ng'ambo nao wafanye hivyo, na wajiandae kwa mtihani wa Baraza kabla ya kupewa unagenzi hapa nyumbani. Unagenzi ni miezi kumi na miwili.

Yule binti wa Umoja hakurudia mtihani. Kwenye dirisha la marekebisho tulikaa na uzito wake halisi, tukashuka safu moja baada ya nyingine, akaandika Famasia kwa mkono wake mwenyewe. Aliitwa. Mama alirudi kunionyesha barua, na safari hii ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, haijakunjwa.